Amplifaya isiyolala: tuizime huduma ya usingizi au tutafute kasoro?

Umesimamisha wimbo kwenye laptopu. Kimya kidogo, kisha spika zinatoa mlio mfupi: pu. Unafungua ujumbe wa sauti, pu nyingine, na neno la kwanza la anayezungumza linamezwa. Spika ni nzima. Chipu ya amplifaya ndiyo iliyolala ulipoacha kusikiliza, ikakurupushwa ulipoanza tena, na kila inapolala au kuamka volti inaruka na kuusukuma utando wa spika ghafla.

Hiyo ni sura nyepesi ya tatizo. Nzito ni laptopu inayoamka ikiwa bubu mpaka uiwashe upya, au ile iliyofungwa usiku betri ikiwa imejaa na asubuhi ikakutwa imezimika. Mara nyingi mambo haya yote chanzo chake ni sehemu moja, dereva ya amplifaya, yaani programu inayoiendesha chipu hiyo, hasa kile kipande chake kidogo kinachoamua lini chipu ilale na lini iamke.

Anayeirekebisha dereva hiyo ndani ya kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa uendeshaji, hujikuta kwenye njia panda. Anaweza kuandika mstari mmoja unaokataza chipu kulala, malalamiko yakaisha siku hiyo hiyo. Au anaweza kukaa nayo wiki kadhaa akifuatilia nani humwamsha nani na kwa utaratibu upi. Mimi naegemea njia ya pili. Hata hivyo wanaotetea ya kwanza wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa, na ni haki tuzisikilize kwanza.

Hoja yao ya kwanza ni mfano. Mwezi Mei 2018 Fedora 28, toleo mojawapo la mfumo wa Linux, lilitoka likiwa limewasha kwa chaguo-msingi usingizi wa chipu za sauti za aina ya HDA, zilizo kwenye kompyuta nyingi: sekunde moja ya kimya, chipu inalala. Nia ilikuwa kurefusha muda wa betri, na kwa mashine nyingi ilifanikiwa. Kwa baadhi, spika zikaanza kutoa ule mlio. Hakuna mpangilio wa msimbo ungeweza kuuondoa kwa urahisi, kwa sababu chanzo kilikuwa jinsi bodi zenyewe zilivyosukwa. Watunzaji wa kerneli wakaweka ndani ya dereva ya snd_hda_intel orodha ya mashine zinazojulikana kwa tabia hiyo, ambazo zisilazwe zisipoagizwa na mwenyewe. Mwenye mashine anaweza kuurudisha usingizi kwa kubadili kigezo cha power_save. Huo ni uamuzi wa busara: umetaja mashine kwa jina, haukuzigusa nyingine, na mtumiaji hakunyang'anywa hiari.

Hoja yao ya pili ni ya mikono mitupu. Anayeandika kiraka, yaani badiliko dogo la msimbo, mara nyingi hana ile laptopu mezani. Chipu ileile imewekwa kwenye bodi nyingi tofauti, kila moja na spika zake, waya wake wa kuiamsha na namna yake ya kupandisha volti. Ukihamisha hatua moja mbele ya nyingine, mashine uliyo nayo inapona na ya mtu usiyemjua inakuwa bubu. Ongeza na sheria ya matoleo thabiti ya kerneli: kiraka kisizidi mistari 100, pamoja na mistari ya muktadha, ile isiyobadilika inayozunguka badiliko. Marekebisho ya mpangilio wa kulala na kuamka huipita hesabu hiyo kwa urahisi, ilhali kuikataza chipu kulala ni mistari mitatu au minne. Mtu ambaye spika zake hazilii leo anahitaji jibu leo.

Ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi. Amplifaya za siku hizi zina akili zao. Zimebeba kichakataji kidogo kinachopima mkondo na volti vinavyoingia kwenye spika, kikakadiria joto la koili, na kuizuia isiungue, kwa sababu spika za laptopu ni ndogo na zinasukumwa karibu na ukomo wake. Kichakataji hicho kinategemea fimwea, yaani programu yake ya ndani, inayopakiwa kutoka kwenye diski. Chipu ikilala usingizi mzito, fimwea na mipangilio inaweza kufutika. Ikiamshwa bila kurudishiwa vyote viwili, unaweza kubaki na spika isiyo na mlinzi. Mradi wa Asahi Linux, unaoileta Linux kwenye kompyuta za Apple, uliacha spika za MacBook zikiwa zimefungwa mpaka ulinzi huo ulipokuwa tayari, ukiwa na programu maalumu ya speakersafetyd. Watu walilalamika, na mradi ulifanya sawa kuwasubirisha. Kwa hiyo anayesema "usichezee usingizi wa kifaa kinachoweza kuunguza spika" hasemi kwa uvivu.

Sasa upande wa pili. Nianze na kosa lenyewe, maana mjadala huu wote hubadilika ukiliona kwa karibu.

Mfumo wa kerneli wa kulaza kifaa kimoja kimoja, ulioingia mwaka 2009 katika toleo 2.6.32, unafanya kazi kwa kuhesabu. Kila anayekihitaji kifaa anaongeza moja kwenye kaunta. Akimaliza anapunguza moja. Kaunta ikifika sifuri, kifaa kinaruhusiwa kulala. Dereva inaita pm_runtime_get_sync, kazi (kipande cha msimbo) ya kuamsha kifaa, kabla ya kuigusa chipu na inamaliza kwa kuiachia. Tatizo ni kwamba pm_runtime_get_sync inaongeza moja hata pale kifaa kinapokataa kuamka. Mwandishi wa dereva anaona jibu la kosa, anafanya ambalo kila mwandishi wa programu angelifanya, yaani anarudi mara moja. Hakupunguza ile moja. Kuanzia hapo kaunta haitafika sifuri tena mpaka mashine izimwe, na amplifaya itakesha hata kama hakuna sauti siku nzima.

Lione hilo kwenye mashine. Sauti zote zimesimama, hakuna programu iliyoifungua kadi ya sauti, nawe unasoma faili la runtime_status ndani ya saraka ya power ya kifaa. Unatarajia neno suspended, yaani imelala. Unasubiri dakika tano, unasoma tena, bado ni active, yaani iko macho. Hakuna ujumbe wa kosa kwenye kumbukumbu za mfumo, hakuna mlio, na mtumiaji hana habari. Kosa hili lilienea kwenye dereva nyingi za kila aina, kiasi kwamba mwaka 2020 kerneli ikaongezewa pm_runtime_resume_and_get, inayorudisha kaunta mahali pake yenyewe ikishindwa. Hapo marekebisho sahihi ni kubadili jina la kazi moja, yaani mstari mmoja. Ile hoja ya mistari 100 haina nguvu.

Ndiyo maana nasema kuikataza chipu kulala huficha mambo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Dereva yenye kaunta mbovu na dereva iliyokatazwa kulala zinafanana kwa nje: zote mbili zinakesha. Ukiweka katazo juu ya kosa la hesabu, hutaliona tena, na atakayeliondoa katazo miaka miwili baadaye ataambiwa kwamba yeye ndiye aliyeharibu.

Kosa jingine la mara kwa mara ni la akiba ya rejista. Rejista ni visanduku vya ndani ya chipu vinavyobeba mipangilio yake, na akiba ni nakala yake inayotunzwa na kerneli. Chipu ikilala, dereva inapaswa kuiambia kerneli: maandishi yote yaende kwenye akiba tu, na ujue akiba haifanani tena na chipu. Ikiamka, akiba inamwagwa upya kwenye chipu. Ukisahau hatua ya kati, ile ya kutangaza kwamba chipu imesahau, kerneli inadhani kila kitu kiko sawa na haiandiki chochote. Chipu inabaki na thamani za kiwandani. Mtumiaji anaona kipimo cha sauti kiko 70% na hasikii kitu, au anasikia sauti kubwa kuliko aliyoweka. Bubu huyu baada ya kuamka hatibiwi na katazo la usingizi wa muda mfupi, kwa kuwa laptopu nzima inapolala umeme unaweza kukatwa kwenye chipu upende usipende. Watetezi wa kuzima hawajalijibu hili.

Halafu kuna ishara za kukatiza, ambako kazi inakuwa ngumu kweli. Amplifaya ikipata joto kupita kiasi au waya zikigusana, inatuma ishara kwa kichakataji kikuu. Mtumishi wa ishara hiyo, yaani kipande cha dereva kinachoipokea, ni lazima kwanza aiamshe chipu ndipo asome rejista ajue kuna nini. Lakini mashine nzima inapoelekea kulala, kuna dirisha dogo ambamo kerneli imeshafunga huduma ya kuamsha kifaa kimoja kimoja, ilhali ishara za kukatiza bado ziko hai. Ishara ikiingia ndani ya dirisha hilo huku chipu imelala, mtumishi anaomba chipu iamke, anajibiwa -13, namba ya kosa la kunyimwa ruhusa, anaondoka bila kuihudumia. Ishara ya aina inayobaki imeshikilia haitoki mpaka ihudumiwe, kwa hiyo inaita tena, na tena. Kerneli ina subira yenye kipimo: ikiona kwamba kati ya ishara 100,000 zaidi ya 99,900 hazikuwa na mwenyewe, inaufunga mstari huo kabisa. Mashine ikiamka, mlinzi wa amplifaya ana kengele lakini hakuna anayeisikia.

Dawa yake iko wazi kwa yeyote anayesoma dereva ya CS35L41, chipu ya amplifaya ya kampuni ya Cirrus Logic. Ishara inafungwa mwanzoni mwa safari ya kulala, inafunguliwa tena mwishoni pale kerneli inapokuwa imeshazishika ishara zote yenyewe, inafungwa tena mapema wakati wa kuamka, kisha inaachiwa kifaa kikishakuwa tayari. Ukikutana na kazi hizo nne fupi bila maelezo, utadhani mwandishi alichanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa, kila mstari unaziba sehemu ya lile dirisha. Ni mfano wa marekebisho yaliyo madogo kwa umbo ingawa yametokana na uchunguzi mrefu.

Na gharama ya kukesha? Wanaotetea kuzima husema ni ndogo, na mchana wako sahihi. Chukua mfano wa kukadiria: betri ya wati-saa 50, laptopu inayotumia wati 5 ikiwa haina kazi, na amplifaya inayokula miliwati 100 kwa kukesha. Saa 10 zinapungua kwa dakika kama 12. Wengi wangekubali dakika 12 kuepuka pu, na mimi nisingewalaumu. Ila fanya hesabu hiyo hiyo mashine ikiwa imelala, ikitumia nusu wati. Miliwati 100 hizo sasa ni moja ya tano ya matumizi ya awali, na saa 100 za kulala zinashuka hadi 83. Amplifaya za kisasa za daraja D huendelea kuwasha na kuzima transista zake mara laki kadhaa kwa sekunde hata pasipo muziki, ndiyo maana zinakula hata zikiwa kimya. Hasara hiyo inalipwa na kila mwenye mashine ya aina hiyo, wengi wao bila kujua kwa nini betri yao si kama ilivyotangazwa.

Kati ya pande mbili hizi kuna ardhi ambayo haitumiki vya kutosha: kuongeza muda wa kungoja kabla ya kulala. Mfumo wa ASoC, unaohudumia chipu za sauti kwenye simu na vifaa vidogo, tangu zamani husubiri milisekunde 5,000 baada ya wimbo kusimama ndipo ushushe njia ya sauti. Sekunde tano zinatosha kufunika nafasi kati ya ujumbe mmoja wa sauti na mwingine, ambako sekunde moja huleta pu kila mara. Sidai kwamba hili huponya bodi mbovu. Linapunguza tu idadi ya kulala na kuamka, na kwa watu wengi hilo ndilo walilokuwa wakiliomba.

Kwa hiyo mimi ningekubali katazo la usingizi kwenye dereva kwa sharti kwamba aliyeliandika ameshathibitisha hesabu ya kaunta iko sawa, amelitaja kwa aina ya mashine, na hajaigusa safari ya mashine nzima kulala. Mtumiaji anayetaka kulala vizuri usiku wa leo anaweza kuandika neno on kwenye faili la power/control la kifaa chake na asimsubiri mtu. Hiyo ni haki yake, na inaondoka akiwasha mashine upya. Kilichoandikwa ndani ya kerneli hakiondoki hivyo.

Uthibitisho wenyewe hauhitaji maabara. Hamisha faili la fimwea ya amplifaya uliweke pembeni, uwashe mashine, ujaribu kucheza wimbo. Ikiwa dereva haikubali kucheza bila fimwea, utashindwa, na ndivyo inavyotakiwa. Funga kila kitu, hesabu sekunde kumi, soma runtime_status. Dereva nyingi hupimwa pale tu mambo yanapokwenda sawa. Jaribio hili linaipeleka kwenye njia ya kushindwa, ambako kaunta husahauliwa. Faili la runtime_status likisoma suspended, rudisha faili la fimwea, ilaze na kuiamsha mashine mara mia mfululizo huku wimbo ukicheza, kisha usikilize kama spika zote mbili bado zinalia. Likisoma active, umeshaipata kazi yako ya wiki hii.