Ukibadili rejeta umeiharibu gari? Orijino na modifikesheni kwenye sport za zamani

Mwenye gari ya sport ya zamani kuna neno ataambiwa tu, awe ameomba ushauri au hajaomba: "ungeiacha orijino." Unafungua boneti, mtu anaona rejeta ya aluminiamu mahali palipokuwa na ile yenye tenki la plastiki nyeusi, anaangalia chini anaona gari imeshuka vidole viwili, basi neno linamtoka. Mimi niliambiwa hivyo kuhusu MX-5 yangu, gari ya Mazda, ile ya toleo la kwanza yenye taa za kuchomoza na injini ya lita 1.6, na aliyeniambia ni rafiki anayezijua hizi gari na anazipenda kweli, ndo maana halikunitoka kichwani. Upande wake una hoja nzito na nitazisema. Ila sitaficha kwamba naona wanaomodifai kwa akili wanatupwa kapu moja na waharibifu, na hiyo sio haki.

Tuanze na wa orijino. MX-5 ya kwanza ilitoka 1989 ikafika mwisho 1997, kwa hiyo kila moja inayokatwa fenda ili iingie rimu pana ni moja imepungua na hakuna kiwanda cha kuirudisha. Alafu gari ya namna hii ilipimwa ikiwa nzima, springi, shokapu, tairi na usukani vinategemeana, ukigusa kimoja umegusa vyote. Tumeona mtu anafunga springi fupi za bei rahisi juu ya shokapu zilezile zilizochoka, gari inapendeza ikiwa imepaki, lakini barabarani saspensheni haina pa kushuka, inalalia mipira ya kuzuia, ukikuta bonde katikati ya kona gurudumu linaruka badala ya kushika. Na wanaofunga tabo, ile ya kuisukumia injini hewa zaidi, kwenye 1.6 bila kufikiria difu, yaani ile gia ya nyuma inayogawa nguvu kwa magurudumu, ile difu ya 1.6 ina gia kubwa ya inchi 6 tu, ya zile za lita 1.8 zilizokuja baadaye ni inchi 7, kwa hiyo nguvu ikiongezeka sana ile ndogo ndo inavunjika. Hata viwanda vyenyewe vimeanza kuthamini uasili, Nissan mwaka 2017 ilianza kutoa tena spea za Skyline GT-R R32, Toyota ikafuata 2020 na Supra A70 na A80, na Mazda ilitangaza 2017 huduma ya kuzikarabati hizi MX-5 za kwanza huko Japani. Kwa hiyo anayesema acha orijino hasemi kwa ushamba.

Sasa nauliza, orijino ni ipi? Gari ina miaka 30 na kitu, mtu anakuonyesha kilomita chache kwenye dashibodi kama vile ndo afya yenyewe, wakati mpira hauhesabu kilomita, mpira unahesabu miaka. Nilipozitoa bushi za mikono ya mbele, moja ilikuwa imeachana kabisa na bomba lake la chuma, mpira wake ukiukwaruza kwa ukucha unamomonyoka. Na hiyo gari kwa nje ilikuwa safi, hakuna aliyewahi kuigusa saspensheni, ni "orijino" ya kujivunia! Tairi ilikuwa na kashata za kutosha, lakini soma zile tarakimu 4 za mwisho ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka, ukikuta 2309 hiyo imetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2009 na mpira wake ushakuwa mgumu. Mafuta ya breki nayo yanavuta unyevu hata gari ikiwa imelala, yakishakuwa na maji yanachemka mapema ukikanyaga mfululizo. Yaani gari ambayo haijaguswa miaka 30 haiendi tena kama walivyoitengeneza, na anayeisifia anasifia kitu ambacho walioiunda wangekipeleka gereji siku hiyohiyo.

Kwa hiyo kubadili utabadili tu. Kilichobaki ni uweke nini, na hapo ndipo modifikesheni nyingi zinapogeuka kuwa matengenezo. Bushi mimi niliweka za mpira kama za kiwandani, zile ngumu za plastiki ya polyurethane zinadumu ila zinapiga kelele na kukuletea kila mtikisiko kitini, kwa matumizi yangu hazikuwa na faida.

Ila kwenye maji ya kupoza injini ndo nataka nikae kidogo, maana hapa ndipo nilipobadilika mawazo. Rejeta ya hii gari ina tenki la juu la plastiki, ikiwa mpya ni nyeusi, ikichoka inaanza kuwa kahawia inayoelekea kijani. Wenye hizi gari wote wanaijua hiyo rangi na wanaiogopa, maana tenki likipasuka maji yanamwagika, na ikishakuwa kavu hata geji ya joto haikwambii ukweli kwa sababu kisomea joto chake kinategemea kuzungukwa na maji, ukija kushtuka silinda hedi ya aluminiamu ishapinda. Sasa kufunga rejeta ya aluminiamu hapo ni kuharibu nini hasa?

Na kuna zaidi. Hii injini haikuanzia kwenye MX-5, ni ya familia ileile ya Mazda 323 ambako ililazwa kwa upana, maji yanaingia upande wa pampu, yanapita silinda zote 4, yanatokea upande wa pili. Kwenye MX-5 injini ikageuzwa ikae kwa urefu, ule upande wa kutokea ukaangukia kwenye ukuta wa kabini, hapana nafasi, basi njia ya kutokea wakaileta mbele, upande uleule yanakoingilia. Matokeo yake maji mengi yanakata njia ya mkato na silinda ya 4 kule nyuma inapata kidogo. Kwa nguvu za kiwandani gari inavumilia, miaka nenda rudi, sibishi. Lakini ukiongeza joto, iwe kwa tabo au kwa kuiendesha mbio uwanjani siku nzima, ya 4 ndo inaanza kuumia. Wamodifai walifanyaje? Wakairudisha themostati, ile valvu inayofungulia maji yakishapata moto, nyuma, maji yapite injini nzima kama ilivyokuwa kwenye 323. Ukiifungua boneti utasema mwenyewe kaharibu uasili, kumbe kairudishia injini njia ya maji iliyozaliwa nayo. Hili nimeligeuza kichwani mara nyingi na kila nikirudi naona walewale waharibifu ndo walioisoma gari kwa kina kuliko sisi wa kusugua rangi.

Na Mazda wenyewe hawakuiacha ilivyo. Ilipokuja ya 1.8 kwenye modeli ya 1994 ilikuja na diski za breki kubwa zaidi na vyuma vya kukaza bodi, na hizo diski na vishikizi vyake vya mbele vinaingia kwenye 1.6 bila kukata chochote. Mtu akifunga hizo amefanya walichofanya wenye gari yao.

Wanapokosea wamodifai, na wanakosea sana, ni mpangilio. Mwenye gari aliyenitangulia alikuwa ameweka egzosi ya sauti nzito na usukani mdogo wa ngozi, lakini taiming belti, mkanda unaozifungulia valvu kwa wakati wake, hakuna karatasi hata moja inayoonyesha ilibadilishwa lini. Hii belti ni ya kilomita laki moja. Uzuri wa 1.6 ni kwamba ikikatika valvu hazigongani na pistoni, sio kama Porsche 944 ambayo ikikatika unahesabu valvu zilizopinda. Ubaya uko kwingine, injini za mwanzo za 1989 hadi 1991 zina krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, yenye pua fupi, na kwa kawaida unaitambua kwa puli yenye nafasi 4 badala ya 8. Fundi akibadili belti asipobana ile boliti ya puli kwa mkazo unaotakiwa, ule ufunguo mdogo wa chuma unaoishikiza gia ya belti kwenye krenki unacheza, unakula nafasi yake kwenye krenki, taiming inahama kidogo kidogo, gari inakosa nguvu na wewe unahangaika na plagi na koili. Krenki ikishaliwa imeliwa. Yangu niliikuta nzima, nikashukuru, nikaweka ufunguo mpya na boliti mpya, nikabana kwa spana ya kupima mkazo, egzosi ikasubiri hadi mwaka uliofuata.

Sehemu moja niko na wa orijino moja kwa moja ni waya. Kukata wayaringi ya miaka 30 ili kufunga redio au alamu, ukaunga kwa kusokota na solotepu, hilo sina wa kumtetea. Anayekuja baada yako hatajua ulikata wapi. Ukitaka kuongeza kitu tafuta soketi inayochomeka kwenye ya kiwandani, ili siku ukiitoa hakuna alama.

Vya zamani vyangu vyote viko stoo, springi, rimu zake za inchi 14, kila kimoja na karatasi yake, gari inaweza kurudi ilivyokuwa ndani ya wikiendi mbili. Yule rafiki alipokuja tena nilimtolea ile rejeta ya zamani aishike mwenyewe. Akabonyeza tenki la juu kwa kidole gumba, karibu na shingo ya hosi, plastiki ikalia kidogo na ufa ukafunguka. Kwenye rejeta tumemalizana. Springi bado anasema ningeziacha, na bado tunabishana.