Mbwa sio ng'ombe mdogo, jamani

Mimi nimeona hivi, mbwa wengi hapa Nakuru wanaozidishiwa dawa hawana mwenyewe mzembe. Mzembe hanunui dawa, mzembe anaacha mbwa ajikune mpaka manyoya yaishe mgongoni na jioni anamfungulia tu alinde boma. Anayempa sumu ni yule anayempenda, yule amefunga safari mpaka agroveti (duka la dawa za mifugo), ametoa pesa yake, amerudi nyumbani akaita watoto mmoja ashike miguu mwingine ashike kichwa, ndio akadunga. Halafu ikiharibika tunamcheka ati hajui kusoma chupa. Kwa maoni yangu shida kubwa iko kwa hii tabia yetu ya kupimia mbwa dawa na kipimo cha ng'ombe, na hiyo tabia inaanzia kwa kaunta ya muuzaji.

Na inaeleweka imetoka wapi. Hii ni kaunti ya maziwa. Njoro, Molo, Bahati, Subukia, kila soko kadogo kana agroveti mbili tatu na zote zimefunguliwa kwa ajili ya ng'ombe, dawa ya kupe ya ng'ombe, dawa ya minyoo ya ng'ombe, chumvi ya ng'ombe, hadi ile sirinji ya plastiki kubwa ni ya ng'ombe. Mbwa hapo ni kama abiria wa kusimama kwa matatu, anabebwa ndio lakini hana kiti. Maongezi yenyewe unayajua:

"Daktari, niko na mbwa ana upele."

"Ni mkubwa ama mdogo?"

"Wa kadiri tu."

"Sawa mama, mdunge hii moja, kisha urudi baada ya wiki mbili."

Basi, imeisha. Hakuna mtu ametaja kilo. (Na huyo tunayemwita daktari saa zingine ni kijana amekuja juzi kumsaidia mjomba wake kuuza duka, lakini akishavaa ile koti nyeupe nani atamuuliza.)

Hiyo "hii moja" mara nyingi ni ivermektini, dawa ya kuua minyoo na wadudu wa ngozi, ya asilimia 1 iliyotolewa kwa chupa ya ng'ombe. Asilimia 1 maana yake kila mililita iko na miligramu 10 za dawa. Kwa ng'ombe ni mililita 1 kwa kila kilo 50, kwa hivyo ndama wa kilo 100 anapata 2 na hakuna hesabu ngumu hapo. Sasa leta mbwa wa kilo 10. Hata ukitumia kiwango hicho hicho cha ng'ombe anafaa kupata 0.2, yaani sehemu ndogo ya ile mililita. Mtoto wa mbwa wa kilo 3 ni 0.06, na hiyo kwa sirinji kubwa hata haionekani, mstari wa kwanza uko juu yake. Sasa muuzaji anafanya nini, anavuta mpaka mahali anaona mstari na namba, na namba anayoiona ni 1. Yule wa kilo 10 ameenda nyumbani na mara tano ya kipimo, na yule mdogo zaidi ya mara kumi na sita, na wote wawili wameandikiwa "moja".

Hapa ndipo mtu ataniambia lakini mimi hudunga mbwa zangu moja moja miaka yote na hakuna amewahi kufa. Nakuamini kabisa, na hiyo ndio sababu hii kitu haiishi. Mbwa wengi wako na ulinzi kwenye mishipa ya ubongo, protini fulani kazi yake ni kutoa hiyo dawa nje kabla haijaingia ndani, kwa hivyo mbwa mzima mwenye afya anaweza kubeba mara tano na asionyeshe chochote. Wewe unaona umepona unasema kipimo ni sawa, kumbe ni mwili wake umekusamehe. Sasa kuna mbwa ambao huo ulinzi wamezaliwa haufanyi kazi, na mwaka wa 2001 watafiti wa Washington State University kule Marekani walionyesha ni jeni gani imeharibika. Mbwa wengi wa aina ya Collie wanayo hiyo kasoro, na baadhi ya German Shepherd pia. Collie mwenye kasoro kamili anaweza kulewa hata na nusu ya kile kipimo cha ng'ombe, nusu, sio mara tano. Na sasa niambie ni boma gani hapa Lanet ama Free Area halina mbwa anayeitwa shepadi, nusu shepadi, robo shepadi, babu yake alikuwa shepadi. Damu imechanganyika mpaka hakuna anayejua nani amerithi nini. Watoto wachanga wa mbwa nao ulinzi wao bado haujakomaa.

Kuna jirani yalimpata haya na ndio maana nimeamua kuandika. Mbwa wake mdogo, shepadi wa kuchanganya, alidungwa hiyo "moja" jioni, kesho yake akaanza kuyumba miguu ya nyuma, mate yanatiririka, anagonga ukuta kama haoni, na kweli alikuwa haoni, mboni za macho zilikuwa zimefunguka kabisa. Sasa mbwa wa mate na kuyumba huku kwetu tunajua ni nini, ni kichaa. Vijana wa ploti walikuwa wameshachukua rungu. Na siwalaumu sana, kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu hakuna kurudi, na mbwa wa mate usiyejua historia yake usimwekee mkono mdomoni hata kama unadhani ni dawa. Lakini huyu alikuwa amechanjwa, cheti kiko, na alikuwa amedungwa juzi tu. Daktari wa mifugo alipofika akauliza kuna dawa yoyote amepewa? Mwenye mbwa kimya. Akauliza tena, kimya, anaangalia viatu. Ni mtoto wake alisema, "Baba alimdunga ya ng'ombe." Kutoka hapo ndio matibabu yakaanza, akawekewa maji ya mshipa, akafunikwa blanketi, akawa anageuzwa upande mmoja hadi mwingine, macho yanapakwa dawa yasikauke. Hiyo dawa haina kiondoa sumu chake, ni kumshikilia tu mpaka mwili uitoe na inachukua siku kadhaa. Alipona. Lakini ule muda wa kunyamaza ungeweza kummaliza na mimi ndio ulinikasirisha kuliko ile sindano.

Kwa sababu aibu hapa inaua. Tunaogopa kuonekana wajinga mbele ya daktari mpaka tunasema "ameamka tu hivyo". Daktari akiambiwa ukweli anajua aangalie nini. Akidanganywa anatibu kupe, anatibu sumu ya panya, na anaongeza dawa nyingine juu ya ile iliyozidi. Mpe chupa mkononi, mwambie ulimpa mililita ngapi, saa ngapi, na mbwa ana kilo ngapi. Kama sirinji bado iko jikoni ibebe pia.

Paka nao tuwaongelee kidogo maana huko ni kubaya zaidi. Panadol. Paka anachechemea, mtu anafikiria atavunja nusu aweke kwa maziwa, mtoto wa binadamu si anakunywa? Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuvunja parasetamoli vile letu linavunja, kwa hivyo inageuka sumu, inaharibu damu mpaka haibebi hewa vizuri. Tembe moja ya miligramu 500 inaweza kuua paka mzima. Ukiona ufizi umekuwa wa kahawia ama samawati, uso na nyayo zimefura, anahema kwa shida, hapo ni kukimbia, usingoje kuche. Dawa ya kuokoa ipo, inaitwa asetilisistini, lakini inataka ianze mapema. Kwa paka hakuna kipimo kidogo cha Panadol cha nyumbani, hata robo, hata ya kulamba. Mbwa na zile dawa zetu za maumivu kama ibuprofeni ama diklofenaki pia usijaribu, zinatoboa tumbo na kuharibu figo.

Dawa ya kupe pia. Ile ya amitrazi ya asilimia 12.5 ya kunyunyizia ng'ombe huchanganywa mililita 2 kwa lita moja ya maji, lakini sisi tunapima na kifuniko, na kifuniko cha nani? Mmoja anaweka kimoja, mwingine anaongeza kingine "kwa sababu kupe ni wengi". Mbwa anaoshwa, anajilamba, jioni analala tu, baridi, moyo unapiga polepole, na nyumbani wanasema dawa imemtuliza. Ukiona hivyo mwogeshe na sabuni ya vyombo na maji mengi, halafu daktari, na hiyo dawa usiiweke kwa paka kabisa.

Halafu kuna ile ya kuzidisha bila hata kupima vibaya, baba anapea mbwa dawa asubuhi akienda kazi, mama anarudi saa nne anaona pakiti mezani anapea tena, jioni kijana wa shamba naye anataka kuonekana mwaminifu. Andikeni kwa kalenda ama kwa mlango wa jikoni na makaa, sijali, bora iandikwe.

Ikishazidi, acheni kumjaza mbwa maziwa na mafuta ya kupikia. Maziwa hayaondoi ivermektini kwa damu, na dawa iliyodungwa haitapikiki, hata atapike siku nzima. Chumvi ya kumtapisha ndio mbaya kabisa, nyingi inapandisha chumvi ya damu na hiyo peke yake inaweza kumuua. Na mbwa aliyelegea ukimmiminia kitu mdomoni kinaingia kwa mapafu. Pigia daktari simu kwanza umuulize.

Sasa wale wa kusema daktari ni wa matajiri. Nakubali nusu. Wengi wa hapa wamezoea kuitwa kwa ng'ombe, na kumwita kwa mbwa unaona pesa ya petroli inapita bei ya mbwa mwenyewe. Lakini swali moja kwa simu sio kumwita nyumbani, na ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo ipo hata kama foleni ni ya watu wa ng'ombe. Njoro kuna Chuo Kikuu cha Egerton wenye kitivo cha utabibu wa mifugo. Sheria ya 2011 inataka mtu anayetibu mnyama awe amesajiliwa na Kenya Veterinary Board, kwa hivyo una haki ya kumuuliza huyo wa koti nyeupe cheti chake kiko wapi. Akikasirika nenda duka la pili.

Na kilo sio kisingizio. Mjini kuna wale wa mizani barabarani wanakupima kwa pesa kidogo sana, beba mbwa mdogo upime ukiwa naye, kisha upime bila yeye, toa. Wa shamba ambebe mpaka posho mill, kule kwa kusaga unga, kuna mizani ya gunia. Mbwa mkubwa atasumbua, sawa, lakini hata kisio cha mtu aliyemuinua ni bora kuliko "wa kadiri". Muuzaji naye tunamwomba vitu viwili tu, aweke mizani mlangoni, na aandike mililita kwa karatasi na ile nukta ionekane, maana 0.2 iliyoandikwa haraka inasomeka 2 na hapo umeshamzidishia mara kumi. Sirinji ya mililita moja, ile nyembamba, inapatikana kwa kemisti na bei yake ni ndogo. Kama hana, mwambie akungojee uende ukanunue yako.