Barabara ya Pwani Si Mchepuko

Kila nikisikia mtu anaisifia barabara ya Tanga–Pangani–Saadani–Bagamoyo kwa sababu moja tu, kwamba itamfikisha Dar bila kuzungukia Segera na Chalinze, naudhika. Kwani huku katikati hakuna watu?

Ukitoka Tanga mjini unapita Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, kisha Kigombe na mashamba ya mkonge, mpaka Pangani. Kilomita 50 hivi. Hapo mto unakusimamisha: unavuka kwa pantoni hadi Bweni, halafu Mwera, Mkwaja, Hifadhi ya Saadani, Mkange, Makurunge, ndipo Bagamoyo.

Wanaiita barabara mpya. Mpya ni lami. Karne ya 19 misafara ya pembe ilitoka Pangani kwenda Kilimanjaro na Umasaini, ya Bagamoyo ikaenda Tabora na Ujiji, na miji hii ya pwani ilijuana vizuri tu. Mwaka 1888 Abushiri bin Salim alipowainukia Wajerumani pale Pangani, Saadani kwa mtawala wake Bwana Heri nako kukawaka, na Bagamoyo vilevile. Habari hazikungoja lami. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889.

Kilichoinyima pwani riziki, kwa maoni yangu, ni reli kuliko hata mizinga. Ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902, Moshi 1911. Mzigo uliozoea kuteremkia Pangani ukashika njia ya Tanga. Barabara kuu nayo baadaye ikapita bara. Kwa hiyo anayetutania kwamba Pangani imelala kwa uvivu wa watu wake, aelewe kwamba njia ndiyo ilihamishwa, watu wakabaki palepale.

Daraja la mita 525 la Mto Pangani nalitaka, tena sana. Nimewahi kukaa Bweni hadi giza linaingia, nikitazama taa za mjini ng'ambo kama naweza kuzigusa, na pantoni haionekani. Nami nilikuwa na safari tu. Mwenye mgonjwa je?

Lakini pantoni ina neema yake: inamlazimisha mtu kushuka garini. Akishuka ananunua samaki, dafu, korosho. Darajani basi halisimami, linapita na vumbi lake (samahani, vumbi litakuwa limekwisha). Tanga tuna msemo, "Waja leo waondoka leo". Sitaki Pangani iwe hata hiyo "waja" haipati.

Basi kabla mkandarasi hajakunja turubai, kijengwe kituo cha mabasi chenye soko, choo na kivuli kila upande wa mto, Mkwaja nako wasisahauliwe. Saadani wawekewe matuta ya kutosha, maana tembo hajui alama za barabarani. Dereva wa lori atalalamika kuhusu matuta. Alalamike. Akifika Bweni atakuta chai.