Python ianzie kwenye stakabadhi ya korosho

Kijana wa Mtwara anayetaka kujifunza kuandika programu za kompyuta asianze na mchezo wa kubahatisha namba, wala mfano wa duka la kahawa la Marekani. Masomo ya mtandaoni yamejaa vitu hivyo. Yeye aanze na makato yanayotolewa kwenye malipo ya korosho za nyumbani kwao. Mwanzoni unahitaji hesabu ambayo jibu lake unaweza kulibishia, na huku kwetu hakuna hesabu inayobishiwa kama hiyo.

Lugha yenyewe iwe Python. Aliibuni Mholanzi Guido van Rossum, ikatolewa mwaka 1991, na ni ya bure. Maneno yake maalumu ni 35 tu. Vitu vingine unavipa majina yako mwenyewe: kilo, bei, makato. Kompyuta si lazima. Simu ya Android yenye Pydroid 3, programu ya kuandikia na kuendeshea Python, inatosha, na ukishaipakua haikudai bando kila unapotaka kufanya zoezi. Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikasuasua nchini, mwenye programu ya namna hiyo kwenye simu hakuwa na sababu ya kusimama. (Video nazo nazionea shaka. Zinakula bando, na mtu anamaliza saa nzima akimtazama mwenzake akiandika.)

Sasa tuseme mama yako alipeleka korosho kilo 120 chamani, yaani kwenye chama cha msingi cha ushirika, baadaye akapeleka kilo 85. Unaandika programu inayouliza mizigo hiyo miwili kwa amri ya input, kisha iijumlishe. Unabonyeza, inajibu 12085. Hakuna maandishi mekundu, hakuna onyo. Kama ungekuwa unahesabu vikombe vya kahawa vya watu usiowajua, huenda ungepita tu. Lakini mtoto wa Tandahimba anajua kwamba mikorosho ya mama yake haijawahi kutoa tani kumi na mbili. Hata mnunuzi wa kangomba, anayenunua korosho kwa magendo, angeshtuka! Hapo utatafuta sababu, na sababu yenyewe ndiyo somo: input hupokea kila kitu kama maandishi, na alama ya kujumlisha ikiwekwa kati ya maandishi mawili huyaunganisha tu, 120 ikafuatwa na 85. Yageuze kwa int yawe namba, utapata 205. Kama mzani umesoma na nusu kilo, tumia float, inayokubali desimali.

Kwenye bei kuna mtego mwingine. Tumezoea kuandika 3,000. Ukiandika hivyo, Python haioni elfu tatu, inaona namba mbili, 3 na 0, zilizotenganishwa na mkato. Andika 3000, au 3_000 kama sifuri zinakuchanganya macho.

Madaraja ya korosho, la kwanza na la pili, yatakufundisha if, amri ya kuchagua: kama ni daraja hili, tumia bei hii. Kumbuka tu kwamba alama moja ya sawasawa inaweka thamani, na mbili ndizo zinazouliza kama vitu viwili vinalingana.

Panapowatesa wengi ni nafasi zilizo mwanzoni mwa mstari. Katika Python nafasi hizo si urembo. Una orodha ya wakulima watano wa ukoo wenu na unaipitia kwa for, amri inayorudia hatua kwa kila mmoja, ikichapisha jina lake. Mstari wa kukata ushuru ukiusogeza ndani, chini ya for, kila mmoja anakatwa. Ukiuacha ukingoni, unafanya kazi mara moja tu baada ya orodha kwisha, na anayekatwa ni yule wa mwisho. Programu inakubali yote mawili bila kinyongo. Atakayeona kosa ni mtu anayejua kwamba baba mdogo naye alipaswa kukatwa.

Kuna watakaosema kazi hii Excel inaimaliza. Ni kweli, na karani mwenye foleni ya wakulima mlangoni atumie Excel. Mimi namzungumzia anayejifunza, na huyo anahitaji kuandika kila hatua kwa mkono wake ili ajue inafanya nini.

Ukishazidisha kilo kwa bei ya mnada, toa makato kwa viwango vya chama chenu cha msingi vya msimu ule ule, si vya kusikia vijiweni. Halafu linganisha na fedha iliyoingia benki. Ikitofautiana, kagua programu yako kwanza, mstari kwa mstari. Mara nyingi kosa litakuwa humo: tozo umeisahau, au gunia la daraja la pili umelipa bei ya la kwanza. Ukimaliza kukagua na hesabu bado zinakataa, chukua stakabadhi, nenda chamani, mwombe karani akuonyeshe makato moja moja.