Mkono wa Mjomba na Swali la Urithi

Mjomba wangu alipokaribia miaka 70, wenzake wa baraza la kahawa walianza kumtazama mkono. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kikisugua kidole cha shahada bila kupumzika, mfano wa mtu anayevuta tasbihi, na ajabu ni kwamba aliponyoosha mkono kuchukua kikombe, mtetemo ulipungua. Wapo walionong'ona kuwa amerogwa. Daktari aliposema ni ugonjwa wa Parkinson, maradhi ya ubongo yanayoleta mtetemo kama huo, minong'ono haikwisha, ilibadilika tu: kumbe ni maradhi ya ukoo, basi binti zake nani atawaposa?

Kwa maoni yangu, kauli hii ya pili inaumiza sawasawa na ile ya kwanza, tena inazidi kwa kuwa imejificha nyuma ya elimu.

Ni kweli zipo koo chache ambazo jeni moja yenye hitilafu hutosha kuleta ugonjwa. Mwaka 1997 watafiti waliokuwa wakifuatilia ukoo wenye asili ya Contursi, kusini mwa Italia, waligundua hitilafu katika jeni ya SNCA, inayotengeneza protini ambayo hugandana ndani ya seli za ubongo wa wagonjwa. Hata hivyo wagonjwa walio wengi hawakurithi kitu cha namna hiyo. Walichorithi, kama kipo, ni jeni inayoongeza uwezekano, ambao hukutana na uzee na pengine na mambo mengine, kama vile baadhi ya viuatilifu vya mashambani.

Inayotuhusu zaidi ni GBA1. Jeni hii hutengeneza kimeng'enya kinachovunjavunja mafuta fulani ndani ya seli, na kimeng'enya hicho kikipungua, usafi wa seli huzorota. Mwaka 2023 watafiti, wakiwemo madaktari wa Nigeria, walitangaza kwamba wamekuta katika GBA1 tofauti ndogo ambayo wanayo watu wengi wenye asili ya Afrika, ilhali kwa Wazungu ni nadra mno. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja ana uwezekano wa kuugua wa takriban mara 1.5 ya asiye nayo. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili, takriban mara 3.5. Namba hizi zisomwe kwa utulivu, kwani ugonjwa wenyewe si wa wengi, na hata ukizidishwa hivyo, walio wengi kati ya wenye tofauti hiyo watazeeka mikono yao ikiwa imetulia. Mshenga anayeogopa ukoo wa mjomba huenda anayo yeye mwenyewe.

Kwa nini jambo hili limejulikana juzi tu, ilhali James Parkinson aliueleza ugonjwa huu mwaka 1817? Kwa sababu kwa muda mrefu jeni zilizochunguzwa zilikuwa zaidi za watu wenye asili ya Ulaya. Huku kwetu hata kuhesabiwa ni shida: watafiti waliopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, katika miaka ya 2000, walikuta wagonjwa 33 kati ya wakazi zaidi ya 160,000, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Pasipo kubisha hodi namna ile, safari hii na vipimo vya damu mkononi, binti za mjomba wataendelea kujibiwa kwa takwimu za Nigeria na Marekani.