Sahihi ndiyo inayofunga, si undugu

Ndugu wasomaji, kuna makala inayosema mzazi wa kambo Marekani "hahusiki" na madeni ya chuo ya mtoto wa mwenzake baada ya talaka. Ni kweli nusu tu. Kuwa baba au mama wa kambo peke yake hakukufanyi mdaiwa. Swali ni moja: nani alitia sahihi?

Kama ulikopa Parent PLUS, yaani mkopo wa serikali kwa wazazi wa kulipia chuo cha mtoto, kwa jina lako, deni ni lako. Mtoto hadaiwi hata senti, na mkopo huo wa serikali hauhamishwi kwenda kwa mtalaka wako. Kama ulimdhamini kwenye mkopo wa benki, mkopeshaji anaweza kukudai wewe, mtoto akishindwa kulipa.

Hapa ndipo wengi wanaumia: jaji anaandika kwenye hukumu ya talaka kwamba mama mzazi atalipa, kila mtu anarudi nyumbani ametulia. Benki haikuwa sehemu ya kesi ile, kwa hiyo haifungwi nayo. Malipo yakichelewa, doa linaingia kwenye rekodi yako ya mikopo. Wewe utabaki kumshtaki mtalaka akurudishie. Basi dai kwenye makubaliano ya talaka kipengele cha fidia, yaani yeye akulipe ukidaiwa wewe, na tarehe ya mwisho ya yeye kukopa upya kwa jina lake. Kabla ya kusaini, vuta ripoti zako za mikopo kutoka kampuni zinazotunza rekodi hizo, Equifax, Experian na TransUnion, zote tatu.

Mkiishi California, Texas au jimbo jingine la mali ya pamoja, ongeeni na wakili mapema: deni la wakati wa ndoa linaweza kuhesabiwa la wote wawili hata kama alisaini mmoja.