Biashara haina undugu? Waulizeni Wacree

Juzi nilienda semina ya wafanyabiashara wadogo hapa Saskatoon, Canada, mtoa mada akatuambia kinachotuangusha sisi wageni ni kuchanganya biashara na ukoo, watu wakaitikia kwa vichwa na mimi nikaitikia, maana nimekulia na maneno hayo hayo nyumbani, biashara haina undugu. Sasa wakati wa kurudi nikapita mtaa wa Sutherland, kwenye ile ardhi ya Muskeg Lake Cree Nation, nikajikuta naangalia yale majengo ya ofisi kwa jicho lingine kabisa.

Kwa wasiojua, Wacree ni moja ya jamii za wenyeji wa asili wa Canada, na ile ni rizavu, yaani ardhi iliyotengwa kisheria kwa ajili yao, na ipo ndani ya mji tangu 1988. Sio ya tajiri mmoja, ni ya wana Muskeg Lake wote, wafanyabiashara wanapanga pale, jamii inapata kodi, na jiji wanalilipa huduma zake kwa makubaliano. Undugu upo mpaka kwenye hati ya kiwanja! Na biashara inaenda.

Ndo maana inaniuma mtu akisema utamaduni kwenye biashara za wenyeji wa Canada ni shanga na manyoya kwenye logo. Hapana jamani, angalieni mali ni ya nani, faida inaishia wapi, na ofisi inafungwa lini.

Hilo la kufunga ndo nalipenda kuliko yote. Wacree wa Eeyou Istchee, kule kaskazini mwa Quebec upande wa James Bay, barafu ikianza kuyeyuka na bata bukini wakirudi kutoka kusini, shule zinafungwa, ofisi zinafungwa, kama wiki mbili hivi, familia zinahamia porini kuwinda, watoto wanafundishwa kunyonyoa na kubanika, wazee wanapelekewa nyama yao. Meneja wa kutoka nje ataona hasara tupu. Lakini hao hao ndo wenye shirika la ndege la Air Creebec, walianza nalo 1982 wakiwa na mbia, 1988 wakalichukua lote, na leo ndo linalounganisha vijiji vya huko.

Na mtaji wao haukuwa zawadi ya mtu. Mwaka 1971 serikali ya Quebec ilitangaza mradi mkubwa wa mabwawa ya umeme kwenye mito yao bila hata kuwauliza, wakaenda mahakamani, 1975 wakasaini mkataba uliowapa fidia, kiongozi wao Billy Diamond alikuwa hajafikisha miaka 30. Mito ikazibwa, maeneo ya kuwindia yakafunikwa na maji, hilo halina fidia ya kutosha. Ila humo humo kwenye mkataba walidai uwepo mpango wa kipato kwa wawindaji, ili anayetaka kuishi kwa mitego na bunduki porini aweze kuishi hivyo. Fikiria, umekaa mezani na watu wanaozamisha ardhi yako na bado unamkumbuka mwindaji.

Halafu kuna hii kauli kwamba wenyeji biashara hawaijui. Wacree walikuwa wanauziana ngozi na Hudson's Bay Company, kampuni ya Waingereza, tangu karne ya 17, na kule York Factory, kituo cha biashara cha kampuni hiyo, hakuna aliyefungua mzigo kabla ya kupeana zawadi na kuvuta kiko pamoja, Waingereza wakaufuata huo utaratibu. Kilichowarudisha nyuma ni sheria. Hapa kwenye nyanda za Saskatchewan walipoingia kwenye kilimo, tangu miaka ya 1880 mkulima wa rizavu hakuweza kuuza nafaka yake mwenyewe bila kibali cha afisa wa serikali, 1889 ikaja sera ya kutaka walime kwa zana za mkono wakati jirani mzungu anavuna kwa mashine. Na 1895 sherehe za kugawa mali zikafanywa kosa la jinai, yaani zile ambazo mtu aliyefanikiwa anawagawia wenzake na heshima yake inapanda kwa alichotoa. Marufuku ikaondoka 1951. Sisi tunasema kutoa ni moyo usambe ni utajiri, hebu fikiria mtu anafungwa kwa hilo! Na mpaka leo ardhi na mali iliyopo kwenye rizavu ni ngumu kuiweka rehani benki, kwa hiyo kijana wa kule anaanza bila dhamana.

Ndo maana stori ya Kendal Netmaker inanigusa. Ni Mcree wa jamii ya Sweetgrass, alianzisha kampuni ya nguo ya Neechie Gear hapa hapa Saskatoon. Utotoni familia ya rafiki yake ndo ilimlipia ada ya kucheza mpira, basi kampuni ikawa inatenga sehemu ya faida kulipia michezo watoto wasio na uwezo. Mwingine ataita hiyo mbinu ya masoko. Mimi naona kile kile kilichopigwa marufuku 1895.

Sisemi undugu bila hesabu, mali bila daftari hupotea bila habari na hilo hata wao wanalijua, Wacree wa Lac La Ronge wana kampuni yao ya Kitsaki tangu 1981, malori na upishi wa migodini vinaendeshwa na watu wa kazi na faida ni ya jamii.

Kinachobishaniwa bado ni zile nyasi takatifu zenye harufu nzuri wanazozisuka kama nywele. Wazee wengi wanasema dawa haiuzwi, vijana wengine wanaiweka kwenye sabuni na mishumaa wanauza mtandaoni. Sio langu kuamua, ila moyo wangu uko kwa wazee. Mwezi uliopita mama mmoja wa Kicree ambaye huwa namuuzia maandazi sokoni alinipa msuko wa hizo nyasi, nikatoa hela akakataa katakata, akasema siku nyingine nimletee tumbaku kidogo, na maandazi sita ya moto, wajukuu wanakuja.